GARI LA MBIO, BARABARA YA KILA SIKU: TUCHAGUE SPRINGI GANI?

Najua baadhi yenu mtashangaa na kuuliza, "Makala ya springi yanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili?" Jibu langu ni fupi. Lugha isiyoweza kuingia gereji na kusimama kando ya fundi itabaki lugha ya harusi na mashairi tu. Tena, wengi wetu bwenini tunapenda magari. Hebu sikiliza mazungumzo ya Jumamosi jioni pale karibu na jikoni: huyu anasema atanunua Subaru, yule naye anasema atalishusha mpaka liguse lami. Basi leo tuyazungumze hayo kwa makini, maana kuna pesa na kuna roho za watu ndani yake.

Nitaanza na kisa kilichonifanya nishike kalamu.

KISA CHA MJOMBA

Mjomba wangu anaishi Njoro na kufanya kazi mjini Nakuru. Kila siku huenda na kurudi, karibu kilomita 20 kila upande. Sehemu kubwa ni lami, yenye matuta na mashimo kama tunavyoyajua, na mwisho wa safari kuna kipande cha maramu hadi nyumbani. Miaka miwili iliyopita alinunua Subaru Impreza WRX iliyotumika, ya kizazi cha pili, yaani lile umbo lililoundwa kati ya mwaka 2000 na 2007. Ni gari la mbio lenye milango minne, na pia ndilo gari la pekee katika familia yetu. Ndilo humpeleka nyanya kliniki, na ndilo linalonileta shule siku ya kufungua.

Mjomba aliona vijana mjini wakiendesha magari yaliyoshuka chini kama paka anayenyemelea panya. Akapendezwa. Akatoa Sh85,000 akanunua koilova, yaani springi na shokomzoba zilizounganishwa pamoja, ambazo unaweza kuzungusha na kuamua gari likae juu au chini. Akalishusha milimita 40. Wiki ya kwanza alitembea kifua mbele. Wiki ya pili nyanya alikataa kupanda. Alisema, "Gari lenu hili lina hasira. Nitangoja matatu."

Kisha jioni moja ya mvua, nikiwa naye, tuliingia kwenye kona ambayo lami yake imejikunja vijituta vidogo vidogo kama ubao wa kufulia nguo. Hatukuwa tunakimbia. Gari likaanza kurukaruka, tak-tak-tak, na kila liliporuka likasogea nje kidogo, mpaka tukajikuta tumeingia upande wa wenzetu. Lori lililokuwa likija lilipiga honi ndefu. Mjomba alilirudisha gari, akasimama kando ya barabara, na kwa dakika nzima hakuna aliyesema neno. Nami nikajiuliza: ilikuwaje gari lililotengenezwa ili lishike barabara zaidi likashika kidogo kuliko awali?

Swali hilo ndilo nitakalojaribu kulijibu.

KAZI YA SASPENSHENI NI NINI HASA?

Saspensheni ni ule mfumo wote unaounganisha magurudumu na bodi ya gari: springi, shokomzoba (mafundi huziita shoki), mikono ya chuma, bushi za mpira na vyuma vya kuzuia gari lisiegemee. Watu wengi hudhani kazi yake ni kumpa abiria starehe. Hiyo ni nusu ya habari. Kazi yake kubwa ni kulibana tairi lisiondoke barabarani.

Fikiria hivi. Gari zima, kilo 1,400 hivi kwa WRX ya mjomba, linashikana na ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja cha mkono. Breki, usukani na mwendo, vyote vinategemea viganja hivyo vinne. Tairi likiwa hewani, hata kwa nusu sekunde, halifungi breki wala halikati kona.

Sasa jaribu kuruka kutoka juu ya dawati bila kukunja magoti. Utahisi pigo hadi kwenye meno! Kisha ruka tena ukikunja magoti: unatua kama paka. Saspensheni ni magoti ya gari. Aliye na magoti magumu hawezi kukimbia kwenye shamba lililolimwa, hata awe na mapafu ya Mkenya bingwa wa mbio ndefu.

SPRINGI: TUKUMBUKE SOMO LA FIZIKIA

Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni yake ya springi mwaka 1678, nasi tunaikariri hadi leo: nguvu inayosukuma springi na urefu inaopungua huenda sambamba. Springi ya nguvu 30 kwa milimita, yaani nyutoni 30 kwa kila milimita moja, ikisukumwa milimita 10 hurudisha nyutoni 300.

Jambo ambalo mwalimu wa Fizikia hutuambia na sisi tunalisahau ni kwamba kila springi yenye uzito juu yake ina mdundo wake. Chukua ugumu wa springi, gawanya kwa uzani unaobebwa kwa kilo, tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya kwa 6.28. Tuseme gurudumu moja la mbele limebeba kilo 350, na springi ni nyutoni 30,000 kwa mita. Utapata mdundo wa mara 1.5 hivi kwa sekunde. Huo unakaribiana na mdundo wa mtu anayetembea, na mwili wetu umeuzoea. Magari mengi ya kawaida hucheza kati ya mara 1 na mara 1.5 kwa sekunde. Gari la michezo la barabarani huwa juu kidogo, hadi karibu mara 2.

Koilova nyingi kutoka Japani huandikwa ugumu wake kwa kilo kwa milimita. Ukiona 7, hiyo ni karibu nyutoni 70 kwa milimita. Rudia hesabu ile ile: mdundo unapanda hadi mara 2.25 kwa sekunde. Kwenye uwanja wa mashindano wenye lami laini kama meza, hilo ni jambo jema, maana gari haliegemei wala halisitisiti. Lakini barabarani kwetu? Kila kijituta kinalisukuma gurudumu, gurudumu linaisukuma bodi, na bodi inaruka pamoja na tairi. Ndiyo ile tak-tak-tak tuliyoisikia kwenye kona. Springi haikupata nafasi ya kukunja goti.

Wako wanaoepuka gharama kwa kukata springi kwa msumeno ili gari lishuke. Jamani, msithubutu! Springi ikikatwa huwa ngumu zaidi. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiitoa mmoja, ugumu huongezeka kwa asilimia 20. Tena ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, na siku gurudumu likining'inia ndani ya shimo springi yaweza kuchomoka. Rahisi ghali, walisema wahenga.

KUSHUSHA GARI: UNAPATA NINI, UNAPOTEZA NINI?

Sitaki kuwa mwongo. Kushusha gari kuna faida. Uzito ukikaa chini, gari haliegemei sana kwenye kona, na upepo haupati nafasi kubwa ya kuingia chini yake. Ndiyo sababu magari ya mashindano ya uwanjani yako chini.

Lakini kila kitu kina bei. Tuseme gurudumu lilikuwa na nafasi ya kupanda milimita 80 kabla ya kugonga kile kipande cha mpira kinachozuia chuma kisigonge chuma. Ukishusha gari milimita 40 umebakisha 40, nusu ya nafasi. Shimo ni lile lile, pigo ni lile lile. Fizikia inasema kazi ni nguvu mara umbali. Umbali ukiwa nusu, nguvu ya wastani lazima iwe maradufu ili kulimeza pigo lile lile. Nguvu hiyo huenda wapi? Huenda kwenye maunti za juu ya shokomzoba, kwenye boljointi, kwenye rimu, na kwenye mgongo wa nyanya.

Kuna jambo lingine ambalo wachache hulijua. WRX ya kizazi cha pili hutumia strati za aina ya MacPherson kwenye magurudumu yote manne. Muundo huo una jina la mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson. Ni rahisi kutengeneza na hauchukui nafasi kubwa, lakini una siri yake. Mkono wa chini unaoshika gurudumu umewekwa ili ncha yake ya nje isipande juu kuliko ya ndani. Ukikaa hivyo, gurudumu linapopanda huegemea ndani kidogo, na tairi hubaki limelala bapa barabarani wakati bodi inaegemea kwenye kona. Ukilishusha gari mno, ncha ya nje inapanda kupita ya ndani. Hapo mambo hugeuka: tairi linaanza kusimama kwa ukingo wake, na bodi yenyewe inapata njia rahisi zaidi ya kuegemea. Kumbe unaweza kulishusha gari ili lisiegemee, ukalipa nguvu mpya ya kuegemea! Kisha unalazimika kununua springi ngumu zaidi ili kuzuia kosa ulilolitengeneza mwenyewe.

Na wale wanaoinua? Hapa Kenya wengi huweka spesa juu ya strati ili gari lipate kimo. Spesa haiigusi springi, kwa hivyo ugumu hubaki ule ule, na gari linavuka matuta bila kukwaruza. Lakini usidhani umeongeza nafasi ya springi kucheza, kwani urefu wa strati haukubadilika. Ukizidisha, shafti zinazozungusha magurudumu hukaa kwa pembe kali na kuchakaa mapema, na uzito ukiwa juu gari linaegemea zaidi. Kiasi ni kizuri katika kila jambo.

SHOKOMZOBA: MNYONGE ASIYESIFIWA

Springi peke yake ni kama mtoto mchanga: ukimrusha, anataka kurushwa tena. Bila kitu cha kuituliza, ingepanda na kushuka mara nyingi baada ya kila tuta. Shokomzoba ndiyo mtulizaji. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo. Oili inakataa kupita haraka, mwendo unageuka kuwa joto, na mtikisiko unakufa. Ukigusa shokomzoba baada ya safari ndefu ya maramu utaikuta moto. Ndiyo ishara kwamba ilikuwa kazini.

Shokomzoba iliyochakaa hailii. Inakufa polepole, nawe unazoea, mpaka siku unafunga breki kwenye vijituta na gari linaendelea kuelea. Tazama kama oili inavuja kwenye bomba lake. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu kisha uiachilie: inafaa ipande na kutulia. Ikiendelea kudunda, hiyo imekwenda na maji.

Nikiulizwa ni kitu gani kimoja kinachobadilisha gari la kila siku kuliko vyote, nitasema ni shokomzoba bora. Springi za kiasi pamoja na shokomzoba imara, hilo ndilo chaguo linalofaa barabara mbovu. Kampuni ya Lotus ya Uingereza ilijenga sifa yake kwa njia hiyo. Gari lake la Elan, lililotokea mwaka 1962, lilikuwa jepesi na springi zake laini, na bado madereva walilisifu kwa kukata kona. Ulaini na kushika barabara si maadui.

Jambo la kukumbuka ni kwamba springi na shokomzoba ni mume na mke. Ukiweka springi ngumu juu ya shokomzoba ya zamani, itashindwa kuituliza, na gari litadunda kama mpira. Ukiweka shokomzoba kali mno kwa springi laini, gurudumu likizama kwenye shimo huchelewa kushuka, na shimo linalofuata hulikuta bado liko juu.

STABILAIZA: CHUMA CHENYE AKILI

Stabilaiza ni chuma kirefu kilichopinda, kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Uzuri wake ni huu: ukivuka tuta la kukata barabara nzima, magurudumu yote mawili hupanda pamoja, na chuma hakijipindi. Ni kama hakipo. Lakini ukikata kona na gari likitaka kuegemea upande mmoja, chuma hujipinda na kukataa. Kwa hivyo kinapunguza kuegemea bila kuongeza ugumu kwenye matuta. Kwa mtu anayevuka matuta kila asubuhi, hiyo ni habari njema sana.

Kwa Subaru ambayo kwenye kona hupenda kuvuta pua nje, stabilaiza nene kidogo ya nyuma husaidia pua kuingia ndani. Ila usizidishe. Nene mno hufanya mkia uteleze wakati wa mvua. Tena gurudumu moja likiingia shimoni, pigo lake hupelekwa kwa mwenzake wa upande wa pili. Kuongeza hatua moja kunatosha.

TAIRI NALO NI SPRINGI

Wengi hununua rimu kubwa kwa urembo na kusahau kwamba ubavu wa tairi ni springi ya kwanza. Soma namba ubavuni. Tairi la 205/55 R16 lina upana wa milimita 205, na kimo cha ubavu ni asilimia 55 ya upana huo, yaani milimita 113 hivi. La 215/45 R17 lina ubavu wa milimita 97. La 225/40 R18 lina 90 tu. Kila unapoongeza inchi moja ya rimu unapunguza mpira na hewa kati ya shimo na chuma. Ndiyo maana rimu kubwa hupinda au kupasuka kwenye mashimo ambayo rimu ndogo huyavuka bila habari.

SOMO LA MWAKA 1997

Msomaji, huenda bado hujakubali. Unasema, "Lakini magari ya mashindano ni magumu na yako chini!" Basi tutazame mashindano yenyewe. Mwaka 1997 Mskoti Colin McRae alishinda Safari Rally hapa Kenya kwa Subaru Impreza. Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, alishinda mashindano ya kisiwa cha Corsica, Ufaransa, kwa Impreza ya aina ile ile. Dereva mmoja, aina moja ya gari, mwaka mmoja. Je, saspensheni ilikuwa moja?

La hasha! Corsica ni lami na kona juu ya kona, kwa hivyo gari lilikaa chini likiwa na rimu kubwa. Kwa Safari, magari yaliinuliwa, springi zikapewa nafasi ndefu ya kucheza, vyuma vikafungwa mbele, na bomba la kupumulia hewa likapandishwa hadi usawa wa paa ili gari livuke maji. Timu yenye pesa na wahandisi, iliyotaka kasi kuliko kitu chochote, ilipokuja kwenye barabara zetu ililipa gari lake magoti marefu. Safari yenyewe ilitoka kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021, na wanaofika Naivasha kuitazama hujionea kwa macho yao jinsi magurudumu yanavyopanda na kushuka huku bodi ikitulia.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la mjomba. Kosa halikuwa kununua kitu kibaya. Koilova zile zingemfaa mtu wa kwenda uwanjani, kwenye lami laini. Yeye alinunua saspensheni ya Corsica akaipeleka Njoro.

TUFUATE MPANGILIO GANI?

Baada ya ile jioni ya mvua, tulimwendea fundi mmoja mzee. Mjomba alimwuliza, "Mzee, nibadilishe nini?" Fundi akamjibu kwa swali: "Bwana, unaendesha wapi?" Halafu akatupa mpangilio huu, nami nauandika kwa maneno yangu.

Kwanza, angalia kilichopo. Bushi zilizopasuka, boljointi zilizolegea na maunti zilizokufa hufanya gari lolote liyumbe. Kubadilisha bushi ni bei ndogo kuliko koilova, na mara nyingi ndiyo dawa yenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, matairi mazuri yenye upepo wa kipimo sahihi. Hakuna springi inayoweza kuokoa tairi lililoisha meno.

Tatu, shokomzoba mpya. Zibadilishwe mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Zipo za kawaida na zipo zilizokazwa kidogo kwa ajili ya magari ya michezo. Jihadhari na za kughushi.

Nne, kama gari bado linaegemea mno, stabilaiza ya nyuma hatua moja.

Tano, na hapa watu wengi wanafaa kusimama, springi zilizokazwa kidogo na zinazoshusha gari kidogo tu, milimita 15 au 20, na ikiwa tu njia yako inaruhusu.

Sita, koilova, kwa anayejua kwa nini anazihitaji. Uliza ugumu wa springi zake kabla ya kuuliza rangi. Uliza kama vipuri vyake vinapatikana.

Na baada ya kila badiliko, alaimenti. Ukishusha au ukiinua gari, pembe za magurudumu hubadilika, na tairi jipya laweza kulika upande mmoja kwa muda mfupi. Vilevile iambie kampuni ya bima yako kuhusu mabadiliko makubwa. Ni afadhali waulize leo kuliko wakatae kulipa kesho.

Fundi alimalizia kwa kusema, "Badilisha kitu kimoja, kisha liendeshe wiki mbili. Ukibadilisha vitano siku moja, hutajua ni kipi kilichokusaidia na ni kipi kilichokuumiza." Wenzangu, si hivyo ndivyo tunavyofanya kwenye maabara?

MWISHO WA KISA

Mjomba aliziuza koilova kwa nusu ya bei. Ilimuuma, lakini alisema karo ya shule hiyo amekwisha kuilipa. Akarudisha springi za kiwandani ambazo kwa bahati hakuwa amezitupa. Akanunua shokomzoba mpya zilizokazwa kidogo, bushi mpya, na stabilaiza ya nyuma, na akarudi kwenye rimu za inchi 16. Gari likakaa juu kuliko ya vijana wa mjini, na vijana hao walimcheka.

Mwezi uliopita tulipita kwenye kona ile ile, na mvua ilikuwa ikinyesha. Vijituta vilikuwa vile vile. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Gari lilinung'unika kidogo chini ya miguu yetu, likafuata mstari wake, na tukatoka upande wa pili. Nyanya alikuwa kiti cha mbele. Hakusema lolote, maana alikuwa amelala.

Naam, wenzangu, siku ikifika nanyi mkashika funguo za gari la ndoto zenu, kabla ya kuuliza gereji ina nini, jiulizeni barabara yenu ina nini. Gari zuri ni lile linalomfikisha dereva, na aliyeketi kando yake, na yule anayekuja kutoka upande wa pili. Kalamu naiweka chini. Kwaherini, na tuonane katika toleo la mwaka ujao, Mola akitujalia.